Kompyuta ya Kaluki

Wewe uliyeficha degree chini ya godoro, ukiitwa kazini leo, utauliza aliyekalia hicho kiti alienda wapi?

Muteti hakuuliza. Ilikuwa 2004, ametoka chuo na computer science yake, na Kitengela nzima haikuwa na mlango ambao hakuwa ameubisha. Kwa hivyo meneja wa shamba la maua alipomwita jioni moja, alibeba CD yake ya system akaenda mbio.

Waweru, huyo meneja, alimpeleka ofisi iliyopakana na stoo ya dawa za kunyunyizia maua.

"Hii mashine ilikuwa ya Kaluki, karani wetu. Alikufa, akaacha watoto. Toa system ya zamani yote, weka mpya. Kesho tuko na wakaguzi. Ikiwa safi, kazi yake ni yako."

"Nisimwekee kazi yake kando kwanza?"

"Kijana, ukitaka kuhifadhi vitu vya zamani, enda museum."

Tusi hilo Muteti akalimeza, yeye aliyezoea kumjibu hata chifu.

Huko kwao Mwala, nyanyake hangebomoa nyumba ya marehemu kabla ya kumwita kwa jina na kumwambia anahamia wapi. Kwa Muteti hizo zilikuwa story za ushago. Skrini ya bluu ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza. Disk ikafutika. Akaweka system mpya, mashine ikajizima, ikawaka.

Mahali pa jina palikuwa pameshajazwa.

KALUKI.

Disk mbovu tu, akajiambia. Akafuta tena, akapanga upya. Giza likaingia dirishani.

Kho... kho...

Spika hazikuwa zimechomekwa.

Halafu harufu. Dawa, kali, ya kuwasha koo, ikipulizwa na feni ya mashine usoni mwake.

"Kaluki," akanong'ona. "Tafadhali. Unahamishwa."

Feni ikanyamaza. Herufi zikaanza kujiandika, polepole, kama za mtu anayetafuta pumzi kati ya neno na neno.

NIHAME... NIENDE... WAPI

Muteti akaruka kutoka kwa kiti. Leso ya mwanamke ilikuwa bado imefungwa mgongoni mwa kiti hicho. Na nyuma ya leso, ukuta wa stoo ulikuwa na ufa, unatoa maji ya njano.

"Umemaliza?" Waweru alikuwa mlangoni, kitambaa puani.

"Boss, mbona unaziba pua?"

Waweru akakaza kitambaa.

"Na Kaluki aliketi hapa miaka mingapi bila kitambaa?"

"Hii kazi unataka ama hutaki?"

Muteti akatoa CD yake, akampita bila kwaheri.

Siku hizi anakohoa. Na mashine yoyote anayoweka system mpya, hata kule kwa cyber, mahali pa jina anapata pameshajazwa.

Basi Waweru, na nyinyi wenye shamba mnaomtuma: bomoeni huo ukuta, muwaambie watoto wa Kaluki mama yao aliuawa na nini. Halafu mkalie hicho kiti, bila kitambaa, mmwambie wenyewe ahamie wapi.