Wimbo Uliokatwa Katikati

Mwanzoni ilikuwa pumzi tu. Fundi sauti aliisikia alipokuwa akisafisha wimbo wa mwisho wa filamu, ambao mkewe alikuwa ameurekodi asubuhi hiyo hiyo: mtu anavuta hewa taratibu, karibu kabisa na kipaza sauti, kabla muziki haujaanza. Akaikata. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Pumzi ilikuwepo, na safari hii ilikuwa ndefu zaidi.

"Ulikuwa na mtu mle ndani?" alimuuliza mkewe.

"Na nani tena? Si wewe ndiye uliyenifungia mlango?" mkewe akajibu huku akicheka. Wenzake walimwita Chiriku, maana hata akimenya vitunguu alikuwa akiimba.

Filamu yenyewe ilitokana na opera ya kale, mchezo wa jukwaani ambao watu hawasemi, wanaimba mwanzo mwisho. Bibi harusi anajengewa ukuta angali hai, naye anaimba mpaka tofali la mwisho linapomziba. Vizazi na vizazi waliuimba hivyo. Lakini mwongozaji, ambaye kila mtu alimwita Mzee Kata, alisema watazamaji wa sinema hawatakubali.

"Watu wanataka kurudi kwao na furaha," alisema. Akaamua ukuta ubomolewe, bibi harusi aokolewe, na wimbo uishie katikati. Chiriku, aliyekuwa ameshajifunza wote nyumbani, akarekodi nusu tu.

Siku ya kupiga picha, yeye akiwa ndiye bibi harusi, alisimama nyuma ya ukuta wa mbao uliopakwa rangi ya matofali, akifuatisha kwa midomo wimbo uliotoka kwenye spika. Ulipofika mwisho wa ile nusu, fundi sauti akazima mashine. Sauti haikukoma. Iliendelea, nyembamba, ya kike, na Chiriku alikuwa amefumba mdomo, macho yamemtoka pima, mkono kifuani. Ukumbi mzima ulinuka chokaa mbichi, na pale hapakuwa na chokaa hata ya kulamba. Kisha sauti ikakwama kwenye neno moja, "nifungulieni", ikalirudia na kulirudia, mpaka wabeba taa wakaziacha taa zao na kutoka nje.

Tangu hapo Chiriku hakula. Kila tonge lilirudi limechanganyika na vumbi jeupe. Hospitali wakampiga picha ya kifua, wakasema mapafu ni safi. Mchana, akisinzia kwenye kochi, wimbo ulimtoka kifuani midomo ikiwa imefungwa, na mumewe, aliyekuwa amekaa sakafuni miguuni pake, akaziba masikio, akaona haya, akayazibua, akasikiliza tena lile neno likigonga na kugonga ndani ya mbavu za mtu anayempenda kuliko pumzi yake mwenyewe, asijue amshike wapi ili limwachie.

"Mume wangu," Chiriku alinong'ona alipozinduka, "si mimi ninayeimba. Amekaa humu. Ananijengea kwa ndani."

Ndipo mumewe akamwita shangazi yake, mganga aliyezoea kusema na majini kama wengine wanavyosema na majirani wakorofi. Shangazi akaweka kiganja kifuani pa mgonjwa.

"Wewe unataka nini kwa mtoto wa watu?"

Iliyojibu haikuwa sauti ya Chiriku. "Waliniimba mpaka mwisho, nikatoka. Kila mara nilitoka. Hawa wamenifungia katikati."

Shangazi akamvuta mpwa wake jikoni, akafunga mlango. "Jini huyu maisha yake ni wimbo huo. Ukimaliziwa, ataondoka. Lakini mkeo hana pumzi ya kuufikisha. Atafia njiani."

"Nikiumalizia mimi?"

"Wewe? Baba, wewe hata mtoto ukimbembeleza kwa wimbo anazidi kulia."

"Shangazi, nakuuliza."

Shangazi akatazama chini. "Atapitia kooni kwako. Na akipita, hatabakisha kitu."

Fundi sauti akarudi sebuleni, akapiga magoti, akaweka paji lake kwenye paji la mkewe na kuanza pale wimbo ulipokatwa, kwa maneno aliyomsikia mkewe akijifunza nyumbani. Aliimba vibaya, akikwaruza kama mlango wenye kutu, na chokaa ikamjaa puani, na kitu kizito chenye kucha kikapanda kooni, naye hakuachia, akaendelea kuimba neno baada ya neno mpaka tofali la mwisho.

Chiriku akakohoa, akatema bonge jeupe, akaomba maji. Mumewe akafungua kinywa kumjibu, hakikutoka kitu. Hakikutoka tena maisha yake yote.

Chiriku alikwenda mwenyewe kwa Mzee Kata kumsihi filamu isionyeshwe, maana kila wimbo utakapokatwa pale katikati, yule jini atafungiwa upya. "Poleni sana kwa yaliyowapata," mzee alimwambia bila kumtazama. "Lakini wimbo ule ndio filamu yenyewe."

Jioni ya onyesho la kwanza, fundi sauti alisimama mlangoni mwa sinema. Watu walitoka wakitabasamu, kama Mzee Kata alivyotaka. Mwanamke mmoja, akitafuta funguo mkobani, alikuwa akiimba kwa chini chini. Ilikuwa ile nusu ya pili, ambayo haikurekodiwa popote. Nyuma yake mzee mmoja aliidakia, kisha wapenzi wawili walioshikana mikono, kisha ngazi nzima, na wote wakakwama kwenye neno lile lile.

Fundi sauti akatanua mikono kuziba mlango, akafungua kinywa kwa nguvu zake zote. Walimdhania mlevi, wakampita kushoto na kulia, wakaelekea majumbani kwao.