Kona ya Nyuma Kushoto

Kazi yangu ilikuwa kukaa tu. Ukitaka kucheka cheka, lakini hiyo ndiyo kazi mume wangu Murunga alinipa Alhamisi moja mwaka wa 2012, nikiwa nimeacha nguo za mtoto wetu mchanga kwa beseni. Nikae kwa kiti cha dereva, nisitingishike, yeye apime gari. Lennox, mwenye gari, ni kilo sabini na sita. Mimi Mideva pia ni sabini na sita, na Murunga hakuona aibu kunitangaza hivyo mbele ya wateja.

Gereji yetu iko hapa Pioneer, Eldoret, mbele ya nyumba yetu. Murunga ni fundi wa springi na shoki, na kwa hiyo kazi hana mchezo. Subaru nyeupe ya Lennox ilikuwa inaenda kazini Jumatatu hadi Ijumaa, halafu Jumamosi inaenda mashindano ya mbio. Gari kama hiyo ni mke wa waume wawili. Barabara zetu na mashimo yake zinataka gari iwe juu, springi laini. Uwanja wa mbio unataka iwe chini, ngumu, isilale kwa kona. Kwa hivyo Murunga alifunga shoki za kurekebishwa, zile unazungusha ringi kwa spana na gari inapanda ama inashuka. Akatia alama mbili, moja ya barabara na moja ya mbio. Alama zenyewe alichora na kutex yangu nyekundu ya kucha, na hakuniuliza.

Sasa, mwezi uliotangulia gari ilikuwa imemzungukia Lennox kwa kona, nyuma ikatangulia mbele, ikagonga ukingo. Akavunjika mfupa wa bega. Mtaa mzima ukaanza kusema Murunga ataua mtoto wa wenyewe. Jumamosi hiyo Lennox alikuwa anarudi kwa mbio, na hakuna mtu angemzuia. Gari isipokaa sawa, ama yeye angekufa ama gereji yetu ingekufa.

Murunga aliazima mizani nne za kupimia magunia kutoka kwa Kimutai muuza mahindi, akaweka kila gurudumu juu ya mizani yake. Mimi nikakaa. Akasoma. Akakuna kichwa.

"Mama, umebeba nini?"

"Nimebeba hasira," nikamwambia.

Gari ilikuwa na kilo hamsini na nane zaidi ya zile ilipaswa kuwa nazo, na karibu zote zilikuwa kona ya nyuma kushoto. Akatoa tairi ya akiba. Akatoa jeki, mazulia, akafungua hata kiti cha nyuma akakitupa nje. Hesabu ya vitu hivyo ikapungua. Hizo hamsini na nane hazikupungua hata robo. Akabadilisha mizani ya kushoto na ya kulia. Akabadilisha springi. Akapima na tepu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, lile bati la juu ya gurudumu: kulia milimita mia tatu hamsini, kushoto mia tatu ishirini na nane. Akapandisha kushoto kwa spana mpaka zikalingana. Tukanywa chai, tukarudi. Mia tatu ishirini na nane.

Nguo zangu zilikuwa zimeanza kunuka kwa beseni. Nilikaa na kushuka kwa hiyo gari mara kumi na moja, nilihesabu. Mara ya mwisho Murunga alisema nikae tena, nikabamiza usukani kwa ngumi nikapiga kelele, "Aaai! Kwani hii gari ina nini?"

Na hapo nyuma yangu mtu akazuia pumzi.

Unajua vile mtu anavuta hewa kidogo halafu anaishika, kama mtoto amejificha chini ya kitanda? Hivyo tu. Nikaangalia kwa kioo. Hakukuwa na kitu. Hata kiti hakikuwepo, kilikuwa nje kwa nyasi.

Saa hiyo hiyo vijana wa ujenzi wakapita kwa lango wakirudi makwao, kama wanane, wakiongea kwa sauti. Kitufe cha loki ya mlango wa nyuma kushoto kikashuka. Tik. Walipopita, kikapanda. Betri ya gari ilikuwa juu ya meza, Murunga aliing'oa asubuhi.

Niliruka nje na kiatu kimoja.

Nikamwambia Murunga yote. Alienda kwa simu akampigia mtu aliyemuuzia Lennox hiyo gari, Mzee Oyugi, karani aliyestaafu. Akamuuliza kitu kimoja tu: "Mzee, hii gari ilibeba nani?"

Mzee akasema, "Nakuja."

Alikuja Ijumaa saa nane, kwa boda boda, na koti na tai kama mtu anaenda kanisani. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Hakuikaribia gari. Alisimama mbali, akatuambia akiwa ameangalia viatu vyake.

Ilikuwa Januari 2008, wakati wa vita vya baada ya uchaguzi, na walikuwa wanakaa mtaa wa Langas, hapa hapa Eldoret. Mke wake, Ayoo, alipigwa jiwe kifuani walipokuwa wanatoka nyumbani. Akamweka nyuma, upande wa kushoto, akamfunika leso, wakaanza kutafuta hospitali. Barabara ilikuwa na vizuizi, na kila kizuizi kilikuwa na vijana, na vijana walikuwa wanasikiliza vile mtu anaongea ndio wajue ametoka wapi. Ayoo hangeweza kuficha lugha yake. Kwa hivyo Oyugi alimwambia, "Funga mlango. Usiongee. Hata wakikuuliza nini. Na usishuke mpaka nikuambie."

"Akaitika?" Murunga akauliza, chini chini.

"Aliitika kwa kichwa. Alikuwa mtu wa kusikia, Ayoo." Mzee akafuta uso na tai. "Tulipita vizuizi vinne. Hospitalini nikafungua mlango, nikakuta ameniacha. Wakamtoa watu wengine. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwa lami. Sikumwambia kitu."

Mwili ulipelekwa Ugenya, nyumbani kwa mzee, wiki mbili baadaye kwa lori, na polisi mbele. Gari ilibaki Eldoret.

Mimi ni Mluhya na mzee ni Mjaluo, lakini kwa hili hatutofautiani sana. Mtu akifia mbali, anaongeleshwa. Anaambiwa sasa tunatoka, sasa tunavuka mto, sasa tumefika kwako, shuka. Usipomwambia, unabeba sanduku tu, mwenyewe anabaki. Nilielewa kabla mzee hajamaliza, na nywele zilinisimama mpaka za mikono.

"Basi mwambie, Mzee," nikasema.

"Hapa?" Akaniangalia. "Mama, hapa si kwake. Nikimwambia tumefika, atashuka hapa. Twende naye Ugenya. Nitamwambia kwa boma."

Murunga akasema ni kweli, akaanza kutafuta funguo.

Sasa hapa nisikilize vizuri, kwa sababu huwa nadanganya watu kwamba tuliamua pamoja. Ni mimi. Nilikuwa nimechoka. Masaa manne kwenda, manne kurudi, shoki zimewekwa alama ya mbio, gari iko chini ingekwaruza kila tuta mpaka huko. Kesho asubuhi saa mbili Lennox alikuwa anataka gari yake. Nikamwambia mzee wa watu, tena kwa ukali, "Mbio ni kesho! Kuna kijana atakufa kesho! Mwambie hapa hapa, Ugenya mtaenda siku nyingine."

Haraka haraka haina baraka, nilifundishwa darasa la pili. Sikushika.

Mzee Oyugi aliangalia Murunga. Murunga akaangalia mizani. Basi mzee akaenda, akafungua mlango wa nyuma kushoto, akanyoosha mkono vile unamshika mtu asiteleze.

"Ayoo," akasema. "Wasechopo. Lor."

Tumefika. Shuka.

Gari ikapanda.

Niliona kwa macho yangu. Kona ikainuka polepole, springi ikalia kidogo, sindano ya mizani ikarudi nyuma. Kuku wangu walikuwa wanachakura kati ya gereji na nyumba. Wakagawanyika, hawa huku, hawa kule, wakaacha njia katikati. Njia ilienda mpaka mlango wa nyumba yangu.

Murunga akapima. Mia tatu hamsini, mia tatu hamsini. Tulimshukuru mzee, nikampa chai, hakuinywa.

Jumamosi gari ilishika kona zote. Lennox alirudi mzima, anacheka, anakumbatia kila mtu. Nami nilicheka. Hilo silijutii, kijana yuko hai.

Jumapili baada ya kanisa niliona kochi yangu imelala upande wa kushoto. Nikafikiri mguu umevunjika. Murunga akageuza kochi, akakagua miguu na springi zake, nzima. Akaniangalia. Akaenda kuchukua tepu. Kushoto ilikuwa chini kwa milimita ishirini na mbili.

Tulipanga kwenda kumchukua mzee Jumatano, safari hii Ugenya moja kwa moja. Jumanne tukapigiwa simu kwamba presha imemwangusha bafuni. Tulimzika kando ya mke wake, na nilisimama hapo kwa kaburi nikitaka kupiga yowe, si la msiba, ni kwa sababu sauti pekee Ayoo aliyoisikiliza ilikuwa inafukiwa.

Nimejaribu, usidhani sijajaribu. Nimemwambia kwa Kiswahili. Nimemwambia kwa Kimaragoli. Nimejifunza yale maneno mawili ya mzee nikayasema nikipiga magoti kwa zulia. Murunga aliweka kipande cha mbao chini ya mguu wa kochi. Asubuhi, ishirini na mbili. Tukauza kochi, tukanunua viti vya mbao. Kile cha kushoto kinalia kikikaliwa, na sisi hatujawahi kukikalia.

Sasa ni Februari 2013, kampeni zimerudi. Jana mchana nilikuwa nje naanika nguo. Vijana wakapita barabarani na tarumbeta, wengi, wanaimba. Nikasikia komeo la mlango wangu likijifunga kwa ndani.

Mtoto wangu wa miezi mitano alikuwa amelala humo.

Nilibisha. Nikagonga kwa ngumi, kwa jiwe. Vijana wakapita, tarumbeta ikaisha, komeo halikufunguka. Nikaweka mdomo kwa ufa wa mlango nikanong'ona, "Mama Ayoo, ni mimi. Ni Mideva. Wameenda. Nifungulie."

Mtoto alianza kulia. Halafu akabembelezwa, akanyamaza.

Hakuna aliyenijibu. Aliambiwa asiongee.