Choroa Aliyekuja Jikoni

Jua lilikuwa limeshagusa vilele vya mialoni Anselmo Treviño alipotoka na ndoo ya mahindi. Ilikuwa kazi yake ya kila jioni: kumwaga mahindi mbele ya kibanda cha kuvizia, kisha kukaa na mwindaji mgeni aliyelipia kichwa cha mnyama cha kutundika ukutani. Ranchi ile ya Texas ilifuga wanyama wa mabara matatu ndani ya uzio mmoja, na Anselmo aliwajua kama mtu anavyowajua majirani zake.

Choroa mmoja jike, swala mkubwa wa nchi kavu, alikuwa akimfuata. Mweupe, shingo ya rangi ya kutu, pembe ndefu zilizopinda kuelekea mgongoni.

Alianza kumfuata juma lile alilozikwa mkewe, Delfina. Kila alfajiri alisimama nje ya dirisha la jikoni. Choroa hawakaribii nyumba za watu. Huyu alikaribia, na kila alipokaribia... jikoni kulinukia mdalasini. Delfina ndiye aliyekuwa akiutia kwenye kahawa. Tangu afe, hakuna aliyeununua.

Anselmo hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Mkewe alipokuwa mahututi, alikwenda kwa Chonita, bibi mmoja wa mjini ambaye watu humtaja kwa kunong'ona.

"Usimwache aniondokee," alimwomba.

Bibi akavunja yai ndani ya glasi ya maji, akalitazama kwa muda mrefu.

"Atabaki, mwanangu," akasema. "Ila nyumba atakayokaa, siichagui mimi."

Sasa Anselmo aliokota kokoto, akamtupia choroa.

"Rudi, mama," alimnong'oneza. "Leo kuna bunduki."

Hakurudi.

Kibandani alikuwemo Kirby, mwuza matrekta kutoka Ohio, mtu wa utani mwingi. Choroa alipojitokeza kwenye mahindi, Kirby alimgusa Anselmo kwa kiwiko.

"Mzee. Yule pale."

"Yule mgonjwa, bwana. Subiri dume."

"Mgonjwa? Mbona namwona mzima kuliko wewe?"

"Ugonjwa wake hauonekani kwa macho."

Kirby akacheka chinichini, akaegemeza bunduki dirishani. Anselmo alitaka kusema, yule ni mke wangu. Nani angemsadiki? Wangemwona mjane aliyerukwa na akili, wamwondoe kazini, wamwondoe na nyumbani.

Choroa aliinua kichwa. Mahindi hakuyatazama.

Alimtazama Anselmo.

Mlio wa bunduki.

Choroa alitimua mbio na jeraha lake. Waliifuata damu kwa tochi, na damu haikuingia kichakani wanakokimbilia wanyama waliojeruhiwa. Ilishika njia ya miguu... ikapita kisimani... ikapanda hadi nyumbani kwa Anselmo. Choroa alikuwa amelala mlangoni pa jikoni, kidevu juu ya kizingiti.

Anselmo alipiga magoti, akamkumbatia shingo. Harufu ya mdalasini ilimjaa puani. Pumzi moja. Nyingine. Kisha pumzi zikakoma, na harufu nayo ikakatika, kama mtu aliyefunga mlango.

"Kaja kufia kwako," Kirby alisema. Utani ulikuwa umemwisha. "Ulikuwa unamlisha?"

"Yeye ndiye aliyenilisha, miaka yote," Anselmo akajibu.

Usiku ule Kirby na wageni wengine wa ranchi walichoma nyama yake wakaila. Anselmo hakuonja.

Asubuhi Kirby aliingia jikoni kwake bila kubisha. Macho yalikuwa mekundu. Nje, gari la kumpeleka uwanja wa ndege lilikuwa likinguruma.

"Samahani, mzee. Sijui nimefuata nini huku."

Akasogea. Mkono wake mkubwa ukainuka taratibu, ukamgusa Anselmo kwenye paji la uso kwa mgongo wa kiganja, kama anayepima homa.

"Umekula?" akauliza.

Aliuliza kwa Kihispania, lugha ya Anselmo na mkewe. Mtu ambaye tangu afike hakuwahi kutamka hata neno moja la lugha hiyo.

Anselmo alishikilia meza.

"Nimesema nini?" Kirby alinong'ona, akiutazama mkono wake kwa hofu. "Mzee, nimesema nini?"

Honi ikalia. Anselmo aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili. Angeweza kuung'ang'ania. Angeweza kumburuta mtu yule hadi kwa Chonita. Lakini alikwisha kumzuia mkewe mara moja, na aliona alikomfikisha.

"Nimekula," alidanganya. "Nenda, mama. Nenda salama."

Kirby aliondoka analia, hajui anamlilia nani.

Majira ya baridi yalipoingia, simu ililia. Alikuwa mke wa Kirby, akipiga kutoka Ohio, akiongea kwa sauti ya chini kama anayeogopa kusikiwa.

"Anaamka usiku, anaongea lugha nisiyoijua. Anaita jina lako. Nimfanye nini?"

Anselmo aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Mfunike miguu," alisema. "Miguu yake hupata baridi upesi, tangu zamani."