Nilimwachia Shemeji Aniongelee

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mjane, mama wa binti mmoja, na kazi yangu ni uashi. Ndiyo, najenga nyumba za watu. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha.

Siandiki ili mnionee huruma. Huruma nimeletewa tele hapa Gisenyi, Rwanda, tena na watu wale wale walionikana mchana kweupe... Naandika kwa sababu nina hasira, na nimechoka kuimeza.

Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wangu walikimbilia huko zamani kutoka Rwanda. Baba alikuwa mwashi. Hakujaliwa mtoto wa kiume, basi akanifundisha mimi, na hakunidekeza hata kidogo. Ukuta ukipinda upana wa kidole, aliusukuma kwa mguu, mwenye nyumba akiwa amesimama pale pale, akasema, "Huo si wangu," kisha tukaanza upya. Alifika kazini kabla ya mwenye kazi. Akikuahidi Jumanne, ni Jumanne. Sikumbuki hata siku moja baba akizunguka kutafuta kazi, watu walikuwa wanamfuata nyumbani na kumngoja amalize kwa wengine. Nami nikajiapiza kwamba siku moja nitafuatwa hivyo hivyo.

Tuliporudi Rwanda baada ya vita, mimi na mume wangu tulipata chumba Mbugangari, mtaa wa hapa Gisenyi. Hatukukaa sana, homa ikamchukua mume wangu. Nikabaki na binti yangu Odeta, na mfuko wa vifaa vya baba.

Kazi ilikuwepo. Miaka ile kila mtu alikuwa anajenga au anakarabati, na mafundi walikuwa wachache. Wenyeji wanajua mawe ya huku: meusi, ya volkano, yana ncha, yanachana mikono. Fundi mvivu huyamwaga tu kwenye mtaro wa msingi kisha anayafunika kwa saruji. Mimi nilikuwa nayachagua moja moja, nayachonga mpaka yakae yenyewe bila kutikisika, ndipo naweka saruji. Nilianza na jiko la jirani. Jirani akamwambia dada yake. Taratibu nikaanza kusikia watu wakisema kuna mama mmoja wa Tanzania, ukuta wake haupasuki.

Hapo ndipo alipokuja Anakleti.

Anakleti ni mdogo wa marehemu mume wangu. Alikulia Goma, ng'ambo ya mpaka. Mtanashati, mcheshi, anajua kuongea na wakubwa na wadogo. Alikuja na begi moja na hakuwa na kazi yoyote mikononi. Nilimpa kitanda, nilimpa chakula, nikamfundisha uashi kama baba alivyonifundisha mimi, ila bila ukali. Kosa langu la kwanza hilo! Baada ya mwaka aliweza kupanga tofali zikanyooka, mradi kamba nimeifunga mimi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana msiojua mila za huku mtaniona mjinga. Huku kwetu mwanamke hapandi juu ya paa. Mambo ya nyumba kwenda juu ni ya wanaume, wanasema mwanamke akipanda analeta balaa kwa watakaolala humo. Karagwe nilikuwa napanda bila wasiwasi, baba hakuwa na habari na mila hizo. Lakini tulipojenga nyumba ya Mzee Kaliksti, muuguzi mstaafu pale Mbugangari, mama yake mzazi alitoka na fimbo yake, akaniangalia kwenye ngazi, akasema kwa upole kabisa kwamba nishuke.

Nikashuka. Anakleti akapanda na seremala.

Msingi ni wangu, kuta nne ni zangu, vyumba vya ndani ni vyangu, wiki saba nimechubuka vidole. Shemeji alikaa juu siku mbili akigongea mabati. Lakini barabarani watu wanapita, wanamwona nani? Wanamwona mwanamume aliye juu. Wanampungia mkono, wanamwita fundi. Mimi niko chini nampitishia misumari.

Nyumba ikiisha kuna sherehe ya kuitaha, yaani kuiingia rasmi. Majirani wanakuja na pombe ya ndizi, mwenye nyumba anasimama kushukuru, kisha anamwita fundi mbele, anampa kinywaji, na fundi anasema maneno mawili matatu. Hapo ndipo jina la fundi linapotengenezwa. Nusu ya wanaokunywa pale ni watu wanaofikiria kujenga.

Siku ya kuitaha nyumba ya Mzee Kaliksti nilikaa mbele. Nilitaka kusimama. Shemeji akaninong'oneza, "Shemeki, we kaa tu, mi nitaongea. Watu ya hapa hawapendi mwanamuke mwenye anajisifu. Jina ni ya famille." Nikaona ana busara. Kwetu mtu mwenye adabu hajisemei, ana mtu wa kumsemea. Kwenye posa, kwenye mahari, kila mahali kuna msemaji. Basi nikampa kinywa changu.

Akasimama akasema, "Mimi na shemeki wangu tumejenga." Nikafurahi, nikapiga makofi.

Nyumba ya pili alisema, "Mimi na watu wangu." Ya tatu alisema, "Nimejenga." Ya nne sikuitwa hata kukaa mbele, nilikuwa nyuma na wanawake tunapanga vikombe... Nilipomuuliza njiani, alicheka akaniambia nisijali, sisi si ni kitu kimoja? Mimi mwenyewe nilimjibu kwamba ndiyo, ni kitu kimoja.

Mnaona jinsi mtu anavyojizika akiwa hai?

Sasa ikaja ile niliyokuwa naingoja maisha yangu yote. Bwana Gasana, mfanyabiashara aliyerudi kutoka Uganda, alitaka kujenga nyumba ya wageni karibu na ziwa, vyumba vinane. Alikuwa anatafuta kapita, msimamizi wa mafundi wote. Ukipewa ukapita kwa mtu kama yule, huulizwi tena wewe ni nani. Hata mwanamke.

Alikuja nyumbani kwetu mwenyewe. Alifuatwa baba, sasa nimefuatwa mimi! Nilikuwa uani naosha vifaa. Akasema ameona nyumba ya Mzee Kaliksti, ameizunguka mara mbili, ameigonga kwa mkono, na anamtaka aliyejenga zile kuta. Akaniuliza, "Mama, fundi yuko wapi?"

Nilikuwa na mwiko mkononi, una saruji mbichi. Ilikuwa ni kusema neno moja tu, "Ni mimi." Mnajua nilisema nini? Nilijifuta mikono kwenye kitenge, nikasema, "Subiri kidogo, nimwite shemeji."

Hata leo nikikumbuka sentensi hiyo natamani kujipiga kofi.

Anakleti akapewa ukapita. Aliporudi kuniambia hakuwa hata na haya. Alisema ameniombea nafasi na mimi, nitakuwa yedi, yaani msaidizi wa kuchanganya saruji na kubeba mawe. Yedi! Mimi niliyemfundisha kushika timazi! Alisema ni kwa muda tu, patron, yaani Bwana Gasana, akizoea kuniona ataniingiza kwenye kuta. Nami nikaenda. Nilikuwa nimeshamwambia Odeta kwamba mwaka ule mambo yatabadilika, niliona haya kumwambia vinginevyo.

Kule ziwani udongo wa upande mmoja ni laini, unachimba unakuta mchanga mweusi uliolegea. Lazima ushuke mpaka ukute mwamba. Anakleti hakushuka. Alitaka kuta zionekane mapema, Bwana Gasana akija Jumamosi akute zimepanda. Alimwaga mawe vile vile, yamelala ovyo, akayafunika. Nilisimama pale na karai kichwani, nikaona kwa macho yangu, nikajua. Fundi anajua tu.

Nikamvuta pembeni. Nilimwambia ule ukuta wa upande wa ziwa hautakaa, tuubomoe wakati bado uko magotini. Akaangalia huku na huku kama watu wanatusikia. "Shemeki, ukisema hivi mbele ya watu, unaniharibia jina."

Nikamuuliza jina la nani.

"Ya kwetu," akasema.

Nikarudi kubeba karai langu. Bwana Gasana alikuja Jumamosi ile na Jumamosi mbili zilizofuata. Alinipita hatua tatu tu kutoka nilipokuwa nachekecha mchanga, akanisalimia vizuri, nami nikaitikia vizuri. Sikusema kitu.

Mvua zikaanza. Asubuhi moja, saa nne hivi, ule ukuta ulipasuka kuanzia chini, ukalala upande. Faustini alikuwa chini yake. Faustini ni mwashi kutoka Cyanzarwe, baba wa watoto wanne, mtu mpole ambaye alikuwa akija kwa miguu kila siku. Tuliyaondoa mawe kwa mikono. Mguu wake ulikuwa umevunjika mara mbili, na ule mlio aliotoa tulipomwinua sitausimulia.

Bwana Gasana alifika, akatukusanya wote, akauliza swali moja. Nani amejenga ukuta huu?

Anakleti, kapita wetu, msemaji wetu, akajitokeza. Akanyoosha mkono kwangu.

"Bon, patron, mi sitaficha. Ni huyu mama, Venansia. Yeye ndiye alijifunza kazi kule Tanzania. Mi nilimuamini."

Miaka miwili ya nyumba nne na sherehe nne hakuwahi kutamka jina langu. Siku ile alilitamka vizuri kabisa, watu zaidi ya ishirini wakalisikia, na kabla jua halijazama lilikuwa limefika mpaka Nyundo, nje ya mji.

Nilipiga kelele, nikasema mimi ni yedi tu, waulizeni wengine. Wengine walikuwa wanaangalia chini, wanahofia kazi yao. Nikakimbia kwa Mzee Kaliksti, nikamwomba aje aseme ni nani aliyejenga nyumba yake. Unajua alinijibu nini mzee yule niliyemjengea mpaka jiko la mama yake? Alisema, "Mama, niliyemwona juu ya nyumba ni Anakleti. Niliyemshukuru ni Anakleti. Na wewe ulikuwepo, ukapiga makofi." Kisha akanipa pole, akaniuliza kama nimekula.

Sikukata tamaa. Nilirudi kwa Bwana Gasana, nikamwambia achukue koleo na tuchimbe. Nilimfukulia msingi wa ule ukuta ulioanguka, nikamwonyesha mawe yalivyolala. Kisha tukaenda wote mpaka kwa Mzee Kaliksti, nikafukua kipande cha msingi nyuma ya jiko, nikamwonyesha jinsi mkono wangu unavyopanga. Hakuwa mtu wa kudanganywa. Aliinama, akapitisha kidole kwenye maungio ya mawe.

Akasema, "Nakuamini. Nyumba hii ni yako, na ule ukuta si wako."

Machozi yakanitoka. Nikajua sasa jina langu limerudi.

Kisha akaniuliza, "Na wewe, fundi wa namna hii, ulipokuwa unachekecha mchanga pale, ulikuwa unajua utaanguka?"

Ningeweza kusema uongo. Nikasema nilijua.

Akajifuta vidole kwa leso. Alisema Anakleti ni mjinga na wajinga anaweza kuwafukuza, kama alivyokwisha kumfukuza Anakleti asubuhi ile. Lakini mtu anayeona ukuta utaua na bado ananisalimia vizuri, alisema, huyo simpi kazi. Akaingia kwenye gari lake akaondoka.

Nilimchukia. Namchukia mpaka leo, na ubaya ni kwamba hakukosea.

Nilienda hospitali kumwona Faustini. Mke wake alinipisha kwenye kiti. Faustini akaniuliza swali lile lile, kama nilijua, nami nikajibu vile vile, maana nilikuwa nimechoka na uongo. Hakunitukana. Alimwambia mke wake kwamba mgeni anataka kwenda, amsindikize.

Anakleti alivuka Goma, nasikia amepata kazi, na nasikia kuta zake anazisimulia vizuri sana. Ananitumia salamu kwa watu. Mnaozileta, mkome.

Mimi nimebaki Mbugangari. Natafuta kazi mlango kwa mlango, kitu ambacho baba yangu hakukifanya, na wakisikia Venansia wanakumbuka wana kazi nyingine ya haraka ndani. Nyumba zangu nne zimesimama, watu wanalala humo hawalowi, na wenye nyumba hizo wananiamkia kwa heshima kila Jumapili baada ya misa.

Nyie mnaosoma, hasa nyie wanawake mnaofanya kazi ambazo watu wanadhani si zenu... Kazi yako iseme wewe mwenyewe, siku ya kwanza, kwa sauti, hata kama wazee watakukunjia uso. Usimpe mtu mwingine kinywa chako kwa jina la adabu wala la familia. Na ukiona kitu kitaua mtu, usimnong'oneze kapita, mwendee mwenye mali. Mimi niliogopa nitaharibu jina ambalo hata halikuwa langu, na Faustini sasa anatembea na fimbo. Msipite njia yangu, nawasihi. Na kama kuna anayetaka kunitetea kwa barua, asijisumbue. Hiyo pesa ya stempu amtumie Faustini.