Fizi Zinapotoka Damu

Fundi alikuwa na cherehani moja barazani na wateja wa kutosha. Alishona sare, mapazia na magauni ya harusi. Lakini gauni lake mwenyewe alikuwa amelifumua na kulipanua mara tatu mwaka huo. Mara tatu!

Mume wake, aliyekuwa mpaka rangi wa nyumba, hakuwa na huruma. "Mke wangu, funga mdomo kidogo," alimwambia kila walipoketi kula. Hospitalini walimpima damu, wakakuta sukari imeanza kupanda. "Punguza kula," walisema, kisha wakaita mgonjwa mwingine.

Fundi alirudi nyumbani amekasirika. Kula kupi? Alikunywa chai tamu, akachovya mkate. Mchana uji wa sukari, jioni soda na biskuti. Nyama, karoti na njugu alikuwa ameziaga, maana meno ya nyuma yalikuwa yanacheza. Hilo hakumwambia mtu.

Siku moja jirani yake alikuja kupimwa sare ya kazi. Huyu alikuwa tabibu wa meno. Fundi alipomzungushia futi kiunoni, nyuso zao zilikaribiana. Tabibu akageukia pembeni. Fundi alimwona, na aibu ikamjaa.

"Nanuka mdomo, eh?"

"Sikufichi, dada. Unanuka. Hebu fungua nione."

Watu wote walikuwa wakimwambia afunge mdomo. Huyu alikuwa wa kwanza kumwambia afungue. Fundi alifungua huku machozi yanamlengalenga.

"Unapiga mswaki?" tabibu aliuliza.

"Nilikuwa napiga. Fizi zikawa zinatoka damu. Nikaacha, zipone kwanza."

"Umeacha tangu lini?"

"Miaka miwili."

Tabibu aliketi. "Dada yangu, damu ile ilikuwa inakuita. Uchafu ukiganda penye fizi, fizi huvimba na kutoka damu. Ukiacha mswaki, uchafu unazidi, meno yanalegea. Ukishindwa kutafuna, unakimbilia vitu laini na vitamu. Vinakunenepesha, tena vinaozesha meno. Na ugonjwa wa fizi na sukari ya mwilini huchocheana."

"Kwa hiyo nikipiga mswaki nitapungua?"

"Mswaki hauyeyushi mafuta, usidanganywe. Ila mdomo wenye afya utakurudishia chakula cha kutafuna. Piga mara mbili kwa siku, dakika mbili, kwa mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi. Pitisha taratibu mpaka penye fizi. Katikati ya meno pitisha uzi."

"Uzi ninao tele!"

"Si wa cherehani, wewe! Utajichana. Uko uzi wa meno. Na ukishapiga mswaki baada ya chakula cha jioni, basi. Ni maji tu mpaka asubuhi. Kesho njoo kliniki."

Kliniki walimsafisha meno, wakang'oa magego matatu. Fundi aliyatazama kwenye sahani ya chuma.

"Yataota mengine?"

"Hapana," alisema tabibu.

Fundi alilia. Hakulia kwa maumivu, ganzi ilikuwa bado haijaisha. Alililia miaka miwili ya kuitwa mlafi, na yeye mwenyewe akaamini.

Alifuata maelekezo. Damu iliendelea siku chache, kisha ikakoma. Meno yaliyobaki yalikaza kidogo. Alianza tena mboga, maharage na matunda, akaacha soda na sukari kwenye chai. Baada ya miezi sita alikuwa amepungua kilo saba, na sukari yake ilikuwa imeshuka.

Mteja mmoja alimtazama juu mpaka chini. "Hongera! Kumbe ulikuwa ulafi tu. Umeacha kula!"

Fundi aliweka mkasi mezani. Hasira ilimpanda, wala hakuificha.

"Sijaacha kula. Sasa ndiyo ninakula. Nilichoacha zamani ni mswaki, kwa kuogopa damu. Wewe fizi zako zikitoka damu unafanyaje?"

Mteja aliinua kiganja, akafunika mdomo.

Hasira ya Fundi ikaisha palepale. Akavuta kiti, akakiweka karibu na chake.

"Keti, ndugu yangu," alisema. "Usifiche. Mimi nilificha, na meno matatu yamekwenda."