Kisiki Kisichofunikwa

Jua lilikuwa linazama Solange alipochukua kisu kwenda kuchuma fumbwa nyuma ya mashamba ya kijiji cha Mpofi. Mboga tu, arudi apike. Nyumbani alimwacha binti yake Mapendo na mama mkwe wake, Mama Annonciata, wakibishana juu ya chumvi.

Akapita karibu na kisiki.

Mti wake ulikatwa na Luc, mume wa Solange. Mbao zake zilipanda lori mpaka Goma, zikawa uti wa mgongo wa meli. Wapasua mbao wa kijijini wana desturi yao: mti ukienda kukaa majini, kisiki kinafunikwa udongo na majani ya ndizi kabla mbao hazijaondoka, kisijue mwili wake umepelekwa wapi. Luc alicheka. Mwimbaji mzima wa kwaya kama yeye aogope kisiki? Mama yake alimsihi mpaka akachoka.

Bandari ya Goma imeona meli nyingi. Za chuma za enzi za Wabelgiji, kisha hizi za mbao zinazobeba ndizi, mbuzi na watu kwenda Idjwi na Bukavu. Moja ikizama, watu wanalia wiki nzima, halafu wanapanda nyingine. Ile ya mbao za Luc iliitwa Mukombozi, na mwenye meli alimpa kazi humo humo. Usiku mmoja ikalala ubavu ziwani, ikazama taa za mji zikiwa zinaonekana. Luc hakupatikana, hata kiatu chake.

Sasa kisiki kilikuwa kimejaa maji. Mvua haikuwa imenyesha. Maji yalinuka sambaza, vile visamaki vya ziwani, na mafuta ya mazuti ya meli, harufu ya ziwa, huku ndani ya pori ambako ziwa halijawahi kufika.

Ko... ko... ko...

Kitu kilikuwa kinagonga kutoka chini.

"Solange..."

Mwenye akili angekimbia. Solange alipiga magoti, kwa sababu alikuwa anamkumbuka mume wake mpaka mifupa inauma.

"Luc? Njo weye?"

"Iko baridi huku. Tuko bengi. Nitoe."

"Nikutoe namna gani?"

"Mumoja anaingia, mumoja anatoka. Lakini muntu wa nyumba yetu."

Muntu wa nyumba yetu. Nyumba ile ilikuwa na mtoto na bibi, basi. Solange hakufikiri sana, na hilo ndilo baya kuliko yote. Alirudi mbio akamwambia mama mkwe wake, "Mama, Luc anaongea kwenye kisiki." Mama Annonciata hakungoja hata kuvaa viatu. Alifika akihema, akainama, akaweka sikio juu ya maji.

"Mwana wangu..."

Solange akamsukuma.

Maji hayakuruka. Yalimeza tu, polepole, mpaka nyayo.

Kisha mkono ukatoka. Ulikuwa wa Luc, na pete yake ikiwemo. Solange akauvuta huku analia kwa furaha, ndiyo, kwa furaha, Mungu amsamehe.

Walipofika nyumbani, Luc alikaa karibu na moto, lakini nguo hazikukauka. Mapendo alimkumbatia baba yake akalowa. Sahani ya fumbwa na fufu ikapoa mbele yake.

"Mama iko wapi?" akauliza.

"Alienda Kashuga, kuona dada yake."

Luc alimtazama. Hakupepesa macho.

"Hapana," akasema taratibu. "Nimepishana naye mu mulango."

Solange aliapa kutolala. Akamlaza Mapendo kifuani, akafunga kitenge kiunoni mwa wote wawili, akakaza fundo. Lakini mwili una mambo yake.

Aliamshwa na majogoo. Kitenge kilikuwa bado kimefungwa, fundo vile vile. Ndani yake palikuwa na maji tu.

"Mapendo!"

Akakimbilia jikoni. Jua lilishachomoza. Mama Annonciata alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, anaota moto, nywele zinachuruzika. Pembeni yake Luc alikuwa anamshika mama yake mkono. Jiko zima lilinuka sambaza.

"Mutoto wangu iko wapi?" Solange akapiga kelele. "Luc, umefanya nini?"

"Nilimutoa mama," Luc akasema. "Weye njo ulinifundisha."

Mama Annonciata alisogeza kuni. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo lilimtisha Solange kuliko matusi.

"Kaa, mukamwana," akanong'ona. "Mutoto analia kule chini. Nilipishana naye. Muntu wa nyumba yetu aende kumutoa."

Kutoka nyuma ya mashamba, mbali, kukasikika kugonga. Kwepesi. Mkono mdogo.

Ko... ko... ko...

Solange alikaa. Alimtazama mama mkwe wake, akamtazama mume wake, nao wakamtazama yeye. Hakuna aliyesimama.

Kila mmoja alikuwa anangoja mwingine asinzie.