Joto Linalotafuta Pa Kukaa

Harufu ndiyo iliyotangulia. Harufu ya nywele zilizoungua, nyembamba, ikitoka nyuma ya kompyuta ambayo Ghazwan alikuwa ametoka kuisafisha kwa mikono yake mwenyewe.

Alishangaa. Vumbi alilipuliza lote. Feni aliifuta bawa kwa bawa. Lile pande la bati linalokaa juu ya prosesa kuipooza alilifungua, akalipeleka msalani, akalimwagia birika la maji yanayochemka ndani ya beseni mpaka grisi kuukuu ikabanduka, akapaka mpya, akakaza skrubu. Kazi safi. Lakini alipowasha gemu, nambari ya joto pembeni mwa kioo ikapanda kuliko jana, ikagota karibu na mia, isishuke.

"Oya, Ghazwan!" Rafiki yake Dhirgham alicheka ndani ya hedfoni. "Feni yako inavuma kama ndege ya mizigo. Tuwekee samaki juu, tunakuja kula!"

"Nimeiosha leo hii. Sijui ina nini."

"Ina uzee kama mwenyewe. Jifiche nyuma ya ukuta, usituaibishe."

Ghazwan alikuwa dereva wa winchi pale bandarini Basra, mtu wa sala na wa nyumbani. Ila tangu gemu iingie ndani, adhana ya adhuhuri ilimkuta vitani, naye hujiambia, Mungu amsamehe, raundi hii tu, kisha nyingine.

Mchana ule, wakati nje lami inalainika kwa jua, umeme wa serikali ukakatika. Hilo halikuwa geni. Watu hungoja kidogo, jenereta ya mtaa ya Abu Hatim ikakamata. Lakini safari hii feni ya kompyuta iliponyamaza tu, mtoto akapiga ukelele chumba cha pili.

"Baba Tiba! Njoo! Mtoto anaungua!"

Mkewe, Nibras, alikuwa amemnyanyua Tiba kutoka usingizi wa mchana na kumrudisha kitandani upesi, kama mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa. Ghazwan akagusa paji la bintiye, akauvuta mkono. Haikuwa homa ile ya watoto. Ngozi ilikuwa kavu, na katika nywele zake mlikuwa na harufu ile ile.

Jenereta ikanguruma mtaani. Kompyuta ikajiwasha, gemu ikajifungua, maana ndivyo alivyoipanga mwenyewe kwa pupa yake, asipoteze hata dakika umeme ukirudi. Feni ikavuma. Na Tiba, mikononi mwa baba yake, akapoa kama chai iliyosahauliwa, akafungua macho, akaomba maji.

Daktari wa jirani aliitwa. Akampima, akamkuta mzima, akawacheka kidogo na kuwaambia wamfungulie kiyoyozi.

Ni Nibras aliyeona. Alasiri Ghazwan alifunga gemu ili asali, na kabla hajamaliza takbira mtoto akalia tena.

"Iwashe," mkewe akanong'ona mlangoni.

"Niwashe nini?"

"Hiyo. Ikipoa hiyo, anaungua huyu. Iwashe, nakuomba, baba Tiba, usiniulize."

Akaiwasha. Mtoto akanyamaza. Wakatazamana.

Mwanzo ilitosha gemu kuwa wazi. Kufikia magharibi ilitaka mkono wa mtu: ukiacha kucheza, nambari inashuka, na mtoto anaanza kugeuka-geuka kitandani. Basi Nibras, ambaye hakuwahi kushika kipanya maishani mwake, akajifunza kufyatua risasi huku akisoma Ayatul Kursi, ili mumewe apate nafasi ya kusali. Ghazwan alisali kwa haraka, macho yakimtoka kwenye msala kwenda kwenye kioo, akikumbuka sala zote alizoziacha kwa ajili ya kiti kile kile, na sasa alipoitamani sala, kiti kilimshika shati.

Asubuhi akaja Sayyid Nuri, mzee mwenye kikohozi anayewasomea watu mtaani. Alimsomea Tiba, akaisomea na kompyuta, jambo ambalo siku nyingine lingewachekesha. Kisha akasimama ananusa.

"Jana mlimwaga maji ya moto?"

Ghazwan akainamisha kichwa. "Nilimwaga, Sayyid. Msalani, kwenye tundu la maji machafu. Nilikuwa naosha bati la mashine."

"Na ulitaja jina la Mola wako kabla?"

Nyumba zote za Basra zinajua hilo. Mama yake Ghazwan alikuwa hamwagi hata maji ya wali bila kusema bismillahi na kuwaomba ruhusa wenyeji wa chini, majini, wapate kuwatoa wadogo zao njiani. Ghazwan mwenyewe alilelewa hivyo. Lakini jana hedfoni ilikuwa sikioni, waya wake kwenye simu mfukoni, Dhirgham anapiga kelele kwamba vita vinaanza.

"Sikutaja," akasema polepole. "Rafiki alikuwa ananiharakisha. Nilimjibu yeye. Nilisema, 'Nakuja, nisubirini,' nikamwaga. Nikasikia kama kilio kidogo, nikadhani kinatoka kwenye hedfoni. Wallahi nilidhani ni cha gemu, Sayyid."

Mzee akaingia msalani peke yake, akapiga magoti, akaweka sikio juu ya lile tundu. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipotoka, ndevu zilikuwa zimelowa, na haikuwa kwa maji ya bomba.

"Ni mama," akasema. "Nimezoea wenye kiburi, wanaotukana, hao nawafukuza. Huyu hatukani. Analia tu. Mwanawe alikuwa amelala pale."

"Tumlipe," Nibras akasema. "Tuchinje, tufunge, chochote anachotaka!"

"Nimemuuliza, binti yangu. Anataka mwanawe apoe. Nani kati yetu anaweza?" Akakohoa. "Nikisoma, ananisikiliza, anaitikia amini. Nitamfukuzaje mtu aliyedhulumiwa ambaye anaitikia amini? Lile joto alilolikuta mwilini mwa mwanawe amelileta hapa, nalo lazima likae mahali. Maadamu mashine inalibeba, hamna neno. Muombeni msamaha. Labda atachoka."

Wakaomba. Ghazwan aliomba kwa sauti juu ya lile tundu, akalia, akaapa, akamwaga maji ya waridi yaliyopoa, na kutoka chini hakukuja jibu ila ile harufu.

Siku ya tatu, jua likiwa juu ya vichwa na umeme wa serikali umeshakwenda zake, simu ikalia. Alikuwa Abu Hatim.

"Ghazwan, ndugu yangu, jenereta imechemka kama chai. Naizima ipumzike."

"Usizime! Abu Hatim, nakubusu miguu, usizime!"

"Mtaa mzima una joto, si wewe peke yako. Nikiiacha itapasuka. Fungueni madirisha."

Betri ya akiba aliyoinunua jana yake na kuiweka chini ya meza ikaanza kulia, mlio mmoja, kimya, mlio mmoja, na Ghazwan akacheza kama hajawahi kucheza maishani, jasho likimwingia machoni, vidole vikiruka, akiwaangusha maadui ambao hakuwatazama hata sura, huku nyuma yake Nibras amemkumbatia Tiba ndani ya beseni la barafu na kusema "bado, bado, endelea, bado yupo baridi," huku Dhirgham asiyejua lolote akimsifu masikioni, "Umekuwa simba leo, bwana! Umekula nini?" na ile milio ya betri ikikaribiana, ikikaribiana zaidi, mpaka ikawa mlio mmoja mrefu usio na pumzi ndani yake.

Kioo kikazima.

Feni ikazunguka kwa nguvu yake ya mwisho, ikasimama. Nyumba ikawa kimya hata barafu ikasikika inapasuka kwenye beseni.

Ghazwan hakugeuka. Hedfoni zilikuwa bado masikioni, waya wake umeingia kwenye mashine iliyokufa. Na humo ndani, karibu sana, sauti ya mwanamke aliyekaukiwa na machozi ikasema taratibu, kama mtu anayewajibu watu walio na haraka:

"Nakuja. Nisubirini."